Saksofoni ya Zamani: Usiinunue kwa Macho

Ndugu wasomaji, na zaidi ninyi vijana wa kwaya na wa fanfari, mwezi huu tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakijua kwa masikio tu, hatukijui kwa mikono: saksofoni. Tena si saksofoni mpya. Mpya ni ya bei kali, na hapa kwetu haipatikani kila siku. Tunaongea juu ya ile ya zamani, ile inayotolewa chini ya kitanda cha mzee, ao ile inayowekwa sokoni katikati ya redio na pasi za umeme. Je, utajuaje kama iko nzima? Utajuaje kama franga za kwaya haziendi kutupwa? Tusome pamoja.

JUMAMOSI MOJA SOKONI

Ilikuwa Jumamosi ya wakati wa mvua, hapa Likasi. Vijana wa kwaya yetu walikuwa wamechanga kwa muda wa miezi tisa. Wengine waliuza mikate, wengine walifua nguo za watu, wengine waliosha motokari. Vijana wawili wanaobeba mizigo walitoa sehemu ya mshahara wao kila mwisho wa juma. Mwishoni zikawa dola 280. Kwa kwaya kama yetu, hizo si franga kidogo.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa na saksofoni ya alto juu ya meza yake. Iliwaka kama jua! Bei yake dola 250. Kijana wetu aliyetakiwa kuipiga aliishika, macho yakamtoka.

"Yaya, hii njo yetu," akaniambia.

Mtunza sanduku alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni. Lakini bahati njema tulikuwa tumemwomba mzee mmoja atusindikize. Mzee huyu zamani alipiga saksofoni katika fanfari ya kambi. Hakusema neno juu ya ile kung'aa. Aliuliza tu:

"Muko na torshi?"

Tukaingia nyuma ya duka, pahali pa giza. Mzee alikuwa amekuja na kitaa kidogo kilichofungwa kwenye waya mrefu. Akakishusha polepole ndani ya mwili wa saksofoni, akafunga funguo kwa vidole vyepesi. Mwangaza ukatokea huku, ukatokea kule, chini ya vifuniko vilivyopaswa kuziba kabisa. Mimi nilihesabu pahali kumi na moja.

"Munaona?" mzee akasema. "Hii haiko saksofoni. Hii ni kichungi ya unga."

Mwenye duka akajitetea: "Mzee, ni bintu kidogo tu. Mufundi atatengeneza siku moja."

"Basi, weye utengeneze kwanza. Kiisha sisi tutarudia."

Tukatoka na franga zetu mfukoni. Kijana wetu alikuwa karibu kulia. Njiani mzee alimwambia neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, saksofoni haiuze rangi. Inauza pumzi. Kama pumzi inapotea njiani, hata ingekuwa ya dhahabu, itanyamaza."

Neno hilo ndilo funguo la makala hii yote.

CHOMBO CHA WATU WA SHABA

Kabla ya kuingia katika kazi yenyewe, tujue kwanza tunanunua nini.

Saksofoni ilibuniwa na Mubelgiji mmoja, Adolphe Sax. Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814 katika mji wa Dinant, kando ya mto Meuse. Mji ule tangu zamani sana ulijulikana kwa wafua shaba, hata Wafaransa wakachukua jina la mji na kuwapa vyombo vya shaba vya namna ile: "dinanderie". Sax alitaka chombo chenye nguvu ya tarumbeta na ulaini wa klarineti. Alipata hati ya ubunifu wake huko Paris mwaka 1846. Lakini usifikiri kwamba alitajirika! Washindani walimpeleka mahakamani miaka na miaka, akafilisika zaidi ya mara moja, na alipokufa mwaka 1894 hakuwa na mali. Nyuma sana, mwaka 1996, nchi yake iliweka sura yake kwenye noti ya franga 200. Heshima ilifika, lakini ilichelewa.

Mwili wa saksofoni ni wa shaba ya manjano. Nayo shaba ya manjano ni nini? Ni mukuba wetu tunaoujua, uliochanganywa na zinki. Shaba, Likasi inaijua: waulize watu wa Shituru na wa Panda. Zinki, Kipushi inaijua: mgodi ule ulisimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kuitoa. Hakuna awezaye kusema kwamba shaba ya saksofoni fulani ilichimbwa pahali fulani. Lakini mtoto wa nchi hii asiogope chombo hiki kana kwamba ni kitu cha wageni. Anayejua chuma kilichooza na chuma kizima amekwisha kuwa nusu fundi.

Mji wetu ulipata jina zaidi kwa gitaa. Ni hapa, wakati mji ulipoitwa Jadotville, ndipo Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952. Saksofoni nayo ina wazee wake katika Kongo. Isaac Musekiwa alitoka Rhodesia ya Kusini, akapitia Élisabethville kabla ya kufika Léopoldville na kuingia OK Jazz. Manu Dibango wa Kameruni alifika Léopoldville mwaka 1961 pamoja na African Jazz ya Kabasele. Verckys Kiamuangana aliingia OK Jazz mwaka 1963, na mwaka 1969 akaanzisha orkestra yake Vévé.

Kwa sababu hiyo mukubwa mmoja wa kanisa alituuliza: "Ile kintu ya mu nganda, mutaileta ku kanisa?" Tulimjibu kwa heshima kwamba Sax mwenyewe aliwapelekea kwanza askari wa fanfari, si walevi. Tena ngoma nayo inapigwa kwenye pombe, inapigwa na kwenye misa. Mukubwa akacheka, akatoa dola 5.

ANGALIA MAMBO HAYA, MOJA BAADA YA LINGINE

Haya ndiyo mambo aliyotufundisha mzee. Yakate kwenye gazeti, yaweke mfukoni siku unapoenda kununua.

1. Jina, namba na herufi. Jina la kiwanda huchongwa kwenye mdomo mpana wa mbele. Namba ya chombo iko mara nyingi nyuma ya mwili, karibu na pahali pa kuweka kidole gumba cha kuume. Utakuta majina kama Selmer, Couesnon na Buffet ya Ufaransa, Mahillon ya Ubelgiji, Conn na Buescher ya Marekani, Amati ya Chekoslovakia, Yamaha ya Japani. Jina kubwa haliponyi chombo kilichovunjika. Lakini namba inasaidia kujua umri wake, nayo itaandikwa kwenye karatasi ya mauzo.

Kwenye saksofoni za Marekani zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1930 hivi, tafuta herufi karibu na ile namba. Ukiona "L", "LP" ao "Low Pitch", hakuna mambo. Ukiona "H", "HP" ao "High Pitch", iache! Saksofoni ile ilitengenezwa kwa sauti ya juu ya zamani. La yake inapita La ya piano ya leo zaidi ya nusu ya nusu-toni. Hata uvute beki nje namna gani, haitakubaliana na harmoniumu ya kanisa wala na gitaa. Fundi hawezi kuiponya, maana matundu yenyewe yalitobolewa pahali pengine.

Tena uliza ni ya sauti gani. Alto ni ya Mi bemoli, tenori ni ya Si bemoli. Miaka ya 1920 zilitengenezwa nyingi za Do, kubwa kidogo kuliko alto, ndogo kuliko tenori. Hii ya Do inasoma kitabu cha nyimbo moja kwa moja bila kugeuza nota. Lakini beki yake ni ngumu kuipata. Usiinunue ukifikiri kwamba ni tenori.

2. Mwili. Inua saksofoni mbele ya jicho lako, tazama urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. Je, imenyooka? Mwili uliopinda unavuta vyuma vyote, na funguo hazitafunga tena vizuri. Kubonyea kidogo kwenye mdomo mpana si jambo kubwa. Kubonyea karibu na tundu, ao juu kule mwili unapokuwa mwembamba, ni jambo. Angalia pia mabonge ya bati pahali palipolehemiwa. Yanakuonyesha kwamba chombo kilianguka, na mtu alikitengeneza haraka haraka.

Rangi je? Verni iliyotoka haidhuru. Kijani nacho mara nyingi kinafutika. Lakini madoa mekundu-mekundu, kama ngozi yenye ugonjwa, ni alama kwamba zinki imetoka ndani ya shaba. Madoa machache yavumilie. Kama yamejaa, hasa kwenye shingo, chuma kinaoza.

3. Bokali. Bokali ni ile shingo ya juu inayopokea beki. Wengi hawaitazami, kumbe pumzi yote inapita hapo kwanza. Itazame upande: ikiwa imeshuka kama shingo ya kuku mgonjwa, na chini yake kuna mikunjo, mtu aliibonyeza kwa nguvu siku fulani. Kisha ichomoe, ziba tundu dogo la juu kwa kifuniko chake, ziba upande mpana kwa kiganja, na vuta pumzi kwa mdomo upande wa pili. Inapaswa kukaa imeziba. Mwisho, irudishe mwilini, kaza parafujo, itikise. Ikicheza, inavuja. Na kama ina namba, ifananishe na ile ya mwilini, maana kuna viwanda vilivyochonga namba moja pande zote mbili.

4. Tamponi. Hizi ni zile duara za ngozi ndani ya vifuniko. Alto ina kama 25. Ziguse kwa kidole. Ngozi laini ni nzuri. Ngozi kavu, ngumu, iliyopasuka ao iliyoliwa na wadudu, ni ya kutupwa. Mimi nimekwisha kuona tamponi zilizokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli! Pahali pa namna ile bei ishuke sana, ao uende zako.

Hapa ndipo torshi inapofanya kazi. Taa ya simu haiingii ndani; tafuta kitaa kidogo kwenye waya. Ingia gizani, kishushe, funga funguo moja moja. Usikaze vidole! Mkono wa nguvu unaficha tundu. Muuzaji mjanja atafunga kwa nguvu ili usione kitu. Wewe funga kwa wepesi, kama vile unavyogusa mtoto aliyelala.

Kama hakuna taa, chukua karatasi nyembamba ya sigara (ya kupimia tu, si ya kuvuta!). Kata kipande chembamba, kiweke chini ya tamponi, funga, kivute taratibu. Fanya hivyo pande zote za duara. Pahali karatasi inapotoka bila kushikwa, pumzi nayo inatoka.

5. Resori na vyuma. Bonyeza kila funguo na uiachie. Inapaswa kurudi mara moja, bila kusinzia. Resori ni sindano nyembamba za chuma. Zikiwa na kutu zitakatika leo ao kesho. Ukiona mpira wa kufungia umezungushwa kwenye funguo, ujue hapo resori imekufa na mtu ameweka dawa ya haraka. Kisha shika kila funguo, itikise upande kwa upande. Ikicheza sana, vyuma vimelika. Hesabu pia parafujo. Parafujo moja iliyopotea inaweza kukutafutisha miezi.

6. Beki na anshi. Beki ni kile unachoweka mdomoni, anshi ni kijiti cha mwanzi kinachotetemeka. Tazama ncha ya beki kwenye mwangaza. Ikiwa imemeguka hata kidogo, sauti italia kama bata. Lakini beki inabadilishwa. Usiache saksofoni nzuri kwa sababu ya beki mbaya. Nenda na anshi yako mpya ya nguvu ya 2. Anshi mbovu inaweza kukufanya ukatae chombo kizuri.

7. Sauti. Sasa piga. Kama hujui, mpe anayejua. Anza na Si ya kidole kimoja cha mkono wa kushoto, shuka nota moja moja, polepole, kwa pumzi ndogo. Pahali nota inapoanza kukataa ao kugugumia kama maji chupani, tundu liko hapo ao juu yake kidogo. Nota ya mwisho ya chini ni Si bemoli. Hiyo inataka tamponi karibu zote zizibe pamoja. Ikitoka kwa upole, bila kulazimishwa, saksofoni hiyo iko na afya.

Kisha ipime na piano ao kinanda. Piano ipige Si bemoli. Kwa alto wewe piga Sol, kwa tenori piga Do. Zikutane. Vuta beki nje ao isukume ndani kidogo mpaka zikubaliane. Halafu jaribu nota nyingine za juu na za chini.

8. Historia yake. Uliza: Ilikuwa ya nani? Ilifikaje hapa? Fanfari za misioni na za makambi zilikuwa na vyombo vingi, na si vyote vilitoka kwa njia ya haki. Ukiona alama ya parokia, ya shule ao ya kampuni imechongwa, simama kwanza, uliza wenyewe. Kwaya haiwezi kumsifu Mungu kwa kitu cha wizi. Ukinunua, andika karatasi: jina la muuzaji na la mnunuzi, tarehe, bei, namba ya chombo, na mashahidi wawili.

SAKSOFONI YA MAMA WA SHITURU

Majuma matatu nyuma ya ile Jumamosi, habari ilitufikia: mama mmoja mjane, upande wa Shituru, anayo saksofoni ya marehemu mume wake. Tukaenda watu wanne, na mzee wa tano.

Mama alivuta sanduku chini ya kitanda. Ndani mlikuwa alto moja nyeusi-nyeusi, haina verni hata kidogo, na mdomo wake umebonyea. Kijana wetu alinitazama kwa huzuni. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, nilikuwa tayari kuaga. Lakini mzee aliomba tufunge madirisha.

Akashusha kitaa chake. Giza. Akafunga funguo nyingine. Giza. Mwangaza ulitokea pahali pane tu, zote upande wa chini. Mwili umenyooka. Bokali imeziba vizuri. Resori mbili zimekatika. Namba inasomeka. Mzee akaweka beki yake mwenyewe, akapiga kuanzia juu. Nota zilitoka safi mpaka Fa. Toka hapo kwenda chini zikaanza kugugumia.

"Iko nzima," akasema. "Ni mugonjwa, lakini haikufa."

Mama alileta na karatasi ya mauzo ya mwaka 1964, iliyoandikwa wakati mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Mume wake aliinunua kwa mshahara wake, haikuwa mali ya kampuni. Baada ya hapo tukauliza bei.

"Miye siyue," mama akajibu. "Toeni dola 60, muibebe. Iko inanikalia bure tu."

Vijana wakatazamana. Dola 60! Mmoja akaninong'oneza: "Mungu ametufungulia mulango."

BEI YA HAKI

Tukatoka nje kidogo kushauriana. Wengi walitaka kulipa haraka, kabla mama hajabadilisha mawazo.

"Mama mwenyewe njo alisema 60," kijana mmoja akasema. "Hatumuibie."

Mzee akamjibu bila hasira: "Mama anajua bei ya unga. Bei ya hii kintu hajue. Weye unajua. Sasa ukinyamaza, ile kunyamaza ni nini?"

Hakuna aliyejibu.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu kuliko torshi na tamponi. Maana tulikuwa tumejifunza kusoma chombo ili tusidanganywe. Sasa elimu ileile ilitupa nafasi ya kumdanganya mwingine, tena mjane, tena bila kusema uongo hata mmoja. Ingetosha kukaa kimya.

Mzee alitufundisha hesabu rahisi, ambayo inafaa kwa kila chombo cha zamani. Jiulize: Kama ingekuwa imetengenezwa, inapiga vizuri, ningeinunua kwa ngapi? Kisha ondoa kazi ya fundi. Kinachobaki ndicho bei ya haki. Hesabu hii inamlinda mnunuzi kwa muuzaji mjanja, nayo inamlinda muuzaji asiyejua kwa mnunuzi mjanja.

Kwetu ilikuwa hivi. Chombo kama kile, kikiwa kizima, tungekilipia dola 240 na kushukuru. Mzee alimpigia simu fundi mmoja wa Lubumbashi, akamweleza tamponi zinazovuja, nyingine zilizochoka, na zile resori mbili. Fundi akaomba dola 90. Basi 240 toa 90, inabaki 150.

Tulirudi ndani tukamwambia mama: dola 150. Alifikiri tunamchezea. Mzee alipomweleza, alinyamaza kwa kitambo, kisha akasema: "Miye naitika. Lakini siku mutaanza kuipiga, munitumie mutu. Nataka kusikia."

Tukaandika karatasi, tukatia sahihi. Zilibaki dola 130. Fundi 90, anshi na vitambaa vya kusafishia 20, njia ya kwenda Lubumbashi na kurudi, kilometa 120 kwenda na 120 kurudia, 20. Sanduku likaisha kabisa. Je, vijana wote walifurahi? Hapana. Kuna waliosema kwamba kwa zile dola 90 tungepata ngoma mpya. Walisema kweli, tungeipata. Lakini kila mara tungeipiga, mama yule angekuwa mbele ya macho yetu.

UKIISHA KUINUNUA

Saksofoni ya zamani ni kama mzee: ukiitunza, itakutumikia. Maneno machache basi.

Kila ukimaliza kupiga, toa anshi, ifute, iweke kwenye kifuko chake. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mwili na ndani ya bokali. Mate yanayobaki yanaozesha tamponi, zaidi wakati wa mvua.

Osha beki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie maji ya moto, maana beki nyeusi za mpira mgumu zinabadilika rangi na kupinda. Na kila mpigaji awe na beki yake na anshi yake. Usipokezane mdomo na mwenzako: kikohozi na magonjwa mengine yanapita njia hiyo.

Usiiache juani wala ndani ya motokari. Joto linakausha ngozi. Usiiweke sakafuni bila sanduku. Vumbi letu jekundu linaingia kwenye vyuma.

Na ninyi mama zetu, tunawaomba: msiisugue kwa ndimu na majivu kama sufuria! Itang'aa siku ile, lakini maji ya ndimu yataingia chini ya tamponi na kwenye resori. Kitambaa kikavu kinatosha.

SIKU YA KUSIKIA

Fundi alikaa nayo miezi miwili. Iliporudi ilikuwa bado nyeusi-nyeusi, na mdomo bado umebonyea kidogo. Hatukuwa na franga za uzuri. Lakini tulipoingia gizani na kitaa cha mzee, hatukuona hata nukta moja ya mwangaza. Kijana wetu alipiga kuanzia juu, akashuka taratibu, akafika Si bemoli ya chini. Ikatoka pole, nene, kama sauti ya mtu mzima anayeita jina lako.

Tulimtumia mama mtu, kama tulivyoahidi. Alikuja Jumapili ile, akaketi kwenye benchi la tatu, mikono yake juu ya magoti. Wakati wa matoleo saksofoni ilipiga wimbo mzima. Mama hakuinua kichwa.

Misa ilipoisha, vijana walimzunguka. Walitaka kujua aliionaje.

"Iko muzuri," akasema. Kisha akatabasamu kidogo. "Lakini bwana yangu alikuwa anaipiga na nguvu zaidi."

Toka siku ile kijana wetu anafanya mazoezi kila jioni. Na ile saksofoni ya dola 250? Juma lililopita nilipita pale sokoni. Ingali juu ya meza, na inang'aa bado.